Magoti Mbele ya Kamera

Chuo kilipotangaza kwamba masomo yote yamehamia mtandaoni, Lwakatare wa Buganguzi aliuliza huko mtandaoni ni mbali kiasi gani, na kama mtoto atapata pa kulala. Hakuwa mjinga. Alitania ili asitukane. Bintiye Annastella, mwanafunzi wa ualimu mwaka wa pili, alikuwa amesimama mlangoni na godoro kichwani, ameteremka kwenye basi la kutoka Bukoba, na mtu aliyerudishwa kwao na godoro hahitaji kueleza mengi. Chuo chenyewe jina lake tuliache, maana kina wanasheria, na watu wa Buganguzi wana kuku tu. Tangazo lake lilisema dunia imekuwa kijiji. Aliyeliandika hakuwahi kuishi kijijini.

Evodia, mke wa Lwakatare, alilipokea godoro akalianika juani. Alikuwa na swali moja.

“Na karo? Nayo imehamia kwenye simu?”

“Karo haijahama, mama. Ipo palepale.”

“Basi,” alisema Evodia, akaenda kumenya ndizi.

Siku tatu Annastella alizunguka kibanja kizima, shamba lote la nyumba yao, ameinua simu juu kwa mikono miwili kama padri anayeinua hostia, akitafuta mahali mtandao unaposhika. Kwenye mibuni haukushika. Kwenye uwanja wa nyumba, ambapo mgeni yeyote mwenye adabu angeanzia, haukushika. Ulishika pembeni kabisa mwa migomba, hatua mbili kutoka njia ya kijiji, kandokando ya jalala wanapotupa maganda ya ndizi na utumbo wa kuku. Hapo ndipo ulipopapenda. Lwakatare alimpelekea bintiye kigoda, akachomeka miti minne na kuezeka majani ya mgomba, akaita kibanda kile Chuo Kikuu cha Jalalani. Annastella alisoma saikolojia ya mtoto huku akipunga inzi. Sauti ya mhadhiri ilikuja imekatika vipande, na mvua ilipokaribia haikuja kabisa.

Wanafunzi wenzake walibishana kwenye kundi lao la simu juma zima. Riyadhi, mtoto wa mzee Ayubu mwenye duka la simu Bukoba mjini, aliandika kwamba yeye darasani harudi hata kwa kufungwa kamba. Darasani walikuwa mia nne; waliochelewa walisikilizia dirishani, na wa nyuma waliambulia kikohozi cha mhadhiri tu. Sasa anakaa dukani, anauza, anasikiliza, na asipoelewa anarudisha nyuma. Nuriat, aliyejifungua muhula uliopita, alisema mtandao umemwezesha kunyonyesha bila kukosa kipindi, na anayetaka kumrudisha darasani aje kwanza amlelee mtoto. Wala hao hawakuwa waongo. Joviana wa Kanazi, aliyekuwa akilala kitanda cha juu ya Annastella bwenini, akajibu kwamba yeye bado anaambulia kikohozi, ila sasa hana hata dirisha.

Joviana na Annastella waliandika barua pamoja. Waliomba ukumbi mmoja ufunguliwe siku mbili kwa juma, kwa wale wasio na mtandao. Barua haikujibiwa. Joviana alifunga safari kwenda kuuliza, akakuta ukumbi wa mihadhara umefungwa vitambaa vya rangi ya dhahabu na viti vimevalishwa gauni jeupe kila kimoja. Alipouliza, aliambiwa ukumbi una shughuli. Jumamosi ile ilikuwa harusi, iliyofuata ilikuwa harusi nyingine. Chuo kilikuwa kimegundua kwamba bibi harusi haulizi maswali na wala hahitaji kusahihishiwa karatasi.

Halafu ukaja mtihani wa kujieleza. Huu ndio uliobeba mwaka. Mwanafunzi anakaa mbele ya simu, mhadhiri anamuuliza, naye anajibu kwa mdomo. Masharti yalikuwa manne: kamera iwe wazi muda wote, uso usitoke kwenye picha, sauti ya mtu mwingine isisikike, na nafasi ni moja. Atakayeshindwa atadisko. Kudisko, kwa lugha ya wanafunzi, si kucheza muziki. Ni kufukuzwa masomo na kurudi kwenu moja kwa moja. Zamu ya Annastella iliwekwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Hapa ndipo Lwakatare alipoharibu, na aliharibu kwa upendo. Jumatano kwenye sala ya jumuiya alisimama akaomba watu wamwombee bintiye, kesho saa nne ana mtihani mzito pale kwenye kibanda, na kwa heshima yao wote wasipite njia ile mpaka saa tano. Watu waliitikia kwa moyo mmoja. Mzee mmoja hata alifuta machozi.

Lakini Lwakatare alizaliwa Buganguzi, alipaswa kujua. Pale kwao ukisikia mtoto wa mwenzako ana jambo zito halafu usiende kumtakia heri, kesho mtoto akianguka watu watakumbuka ni nani aliyekaa kimya. Kukaa mbali si heshima. Kukaa mbali ni karibu sawa na kuloga. Kwa hiyo kila mmoja aliporudi kwake alijiambia kwamba wengine wasipite, naam, ila yeye atapita kidogo tu.

*

Madam Renatha alitokea kwenye simu saa nne na dakika tano, uso umejaa kioo, miwani inang'aa. Annastella alimsalimia. Zamani, darasani, Madam Renatha alikuwa mtu wa utani. Alizaliwa Kanazi, na wanafunzi waliposinzia aliwashtua kwa Kihaya mpaka ukumbi ukacheka. Kwenye simu hakuwa na utani. Alisoma swali la kwanza kama anayesoma bei ya saruji.

Annastella alianza kujibu vizuri. Alikuwa amefika kwenye hoja ya pili alipokohoa Ta Rweyemamu, mkubwa wa ukoo, aliyekuwa amesimama njiani na fimbo yake. Annastella akamsalimia kwa macho. Mzee akasubiri. Mtu wa miaka themanini na moja hajawahi kusalimiwa kwa kope. Akakohoa tena, na magoti ya Annastella yakaenda chini yenyewe, kabla kichwa hakijaulizwa. Kule Bukoba, Madam Renatha aliona uso ukitoweka, pakabaki majani ya mgomba na inzi mmoja mkubwa anayetembea juu ya kamera.

Alirudi kwenye kigoda akaomba radhi. Swali la pili. Wakaja wanawake wawili wa jumuiya, wakanyata kwa namna ambayo ng'ombe angesikia, wakanong'ona baraka zao kwa pamoja. Akapiga tena magoti. Swali la tatu lilikuwa limeanza kusomwa alipofika Ma Georgina, shangazi wa Lwakatare, mkongwe kuliko barabara ya Muleba, amebeba kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Huyu humpigii magoti tu. Huyu unampigia magoti, unapokea kwa mikono miwili, unajibu habari za kila mtu nyumbani.

“Huyu ndiye mwalimu?” aliuliza Ma Georgina, akainama mpaka pua yake ikajaa kwenye simu. Akamsalimia Madam Renatha kwa Kihaya, salamu ndefu iliyopitia kwa mume, kwa watoto na kwa mifugo. Simu ikanyamaza. “Mbona haitikii? Ni bubu, au hakulelewa?”

Kioo kikawa cheusi. Baada ya dakika kumi ulifika ujumbe wa maandishi: mtihani umesimamishwa kwa tuhuma za udanganyifu. Ndani ya jani walikuwemo senene wa kukaanga, wale panzi wa mvua, waliohifadhiwa tangu msimu. Ma Georgina alisema mtoto ale apate nguvu ya kujibu. Annastella akala, kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya, na kwa sababu alikuwa analia na mdomo ulihitaji kazi.

*

Wito wa kamati ulisema mwanafunzi afike mwenyewe, ana kwa ana, pamoja na mzazi. Evodia aliposomewa alitaka arudiwe sehemu hiyo.

“Kumbe njia ya kwenda chuoni haijafungwa,” alisema. “Imefungwa ya kufundishwa tu. Ya kuhukumiwa iko wazi.”

Walikwenda wote watatu kwa basi la asubuhi kutoka Muleba. Lwakatare alivaa koti la Pasaka. Mlinzi wa geti aliwaomba namba ya kujisajili mtandaoni kama wageni. Walipokosa, aliwaweka kwenye ukuta mfupi karibu na jiko la sherehe mpaka watakapoitwa. Ilikuwa Ijumaa, na ukumbi ulikuwa unaandaliwa. Saa tatu ikapita, saa tano ikapita. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa iliwapitia puani ikaenda zake kwa wenyewe.

Mara akatoka mama mmoja wa mapishi, amejifunga khanga kiunoni, akamtazama Evodia miguu mpaka kichwa.

“Nyie ndio wamenyaji? Mbona mmechelewa hivi?”

Evodia alitaka kusema hapana. Lakini yule mama alikwisha mwekea mkungu mbele na kisu mkononi, na Evodia aliona kueleza kwamba amekuja kwa sababu mwanawe ameitwa mwizi wa mtihani ni aibu kubwa kuliko kumenya. Akamenya. Alimenya mkungu wa kwanza, akaletewa wa pili. Lwakatare alitazama upande wa ziwa. Annastella alipiga magoti kumsaidia, mama yake akamtoa kwa kiwiko, akamwambia akae kama mtu wa chuo. Walipoitwa ndani saa nane, vidole vya Evodia vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Hakuna aliyemwonyesha bomba. Hakuna aliyemlipa wala kumpa hata ndizi moja iliyoiva.

Mezani walikuwa watu watatu: Dakta Lameki, mwenyekiti, Madam Renatha, mshitaki, na Bwana Isaac wa ofisi ya uhusiano, kijana mwenye viatu vyenye ncha, ambaye haikueleweka anahusiana na nini. Evodia alinyoosha mkono kwa Madam Renatha. Madam Renatha aliutazama mkono ule, akaipanga miwani yake.

Kwanza walionyeshwa mkanda wa mtihani kwenye runinga iliyojaa ukuta. Annastella alijiona akizama na kuibuka kama bata. Pua ya Ma Georgina ilipotokea ukutani, kubwa kama mlango, Lwakatare alijikuta anataka kusimama kuisalimia.

“Ulikwenda chini mara tatu,” alisema Dakta Lameki. “Huko chini kulikuwa na nini?”

“Magoti yangu, mwenyekiti.”

“Sikuulizi viungo. Nauliza ulikuwa unasoma nini.”

Akaeleza. Alieleza salamu, alieleza Ta Rweyemamu, alieleza kwamba mtu hawezi kumwacha mkubwa wa ukoo amesimama njiani kama nguzo. Dakta Lameki, mtu wa mkoa mwingine, aliandika neno moja kwenye karatasi akalipigia mstari.

“Na kile kifurushi cha jani?”

“Senene.”

“Senene. Kamati inaweza kuwaona?”

“Niliwala.”

“Yaani umekula ushahidi.”

Bwana Isaac alicheka, akajifanya anakohoa. Madam Renatha alisoma maelezo yake aliyoyaandika: mtahiniwa alizungumza na watu wasiojulikana, kwa lugha ambayo msimamizi hakuielewa. Annastella akainua kichwa. Evodia naye akainua kichwa, akamwambia Madam Renatha, kwa Kihaya, kwa upole kabisa, kwamba yeye ameolewa Buganguzi ila mama yake alizaliwa Kanazi, na sauti hiyo anaijua. Je, Madam ni mtoto wa nyumba gani?

Shingo ya Madam Renatha ilibadilika rangi kuanzia chini kwenda juu.

“Mama, ongea na mwenyekiti,” alisema kwa Kiswahili.

“Nimekwisha ongea,” alisema Evodia.

Lwakatare aliomba kusema neno. Alisema kama mtoto angefanyia mtihani kwenye chumba kama hiki, Ma Georgina asingefika, maana hana nauli. Alidhani ni hoja nzuri. Dakta Lameki alimshukuru kwa kufika, kwa namna watu wa ofisi wanavyoshukuru wakitaka uondoke.

*

Walikaa tena kwenye ukuta mfupi. Safari hii Bwana Isaac alitoka na soda tatu baridi, akazifungua mwenyewe, akawaita baba, mama na dada. Mtu anayekufungulia soda baada ya kukufungulia kesi, mtazame mikono.

Alisema kwa alivyoiona yeye, kesi hii ni ndogo, ila kamati imekaza. Alisema barua zote mbili amekwisha ziandika, ya kufukuza na ya kusamehe, bado saini tu. Sasa chuo kina wageni wanaokuja, wale wanaogharamia masomo ya mtandaoni, nao wanataka kujua maoni ya wanafunzi. Fomu ya maoni ilitumwa kwa wote, mtandaoni. Waliojibu, karibu wote wameridhika kabisa.

“Shida ni moja,” alisema. “Waliojibu ni wa mjini. Wa vijijini hajajibu hata mmoja. Wageni wanaweza kufikiri vibaya.”

“Hawakujibu kwa sababu hawakuipata,” alisema Annastella.

“Ndiyo maana tunakuhitaji wewe.”

Alitaka dakika mbili tu za picha. Msichana wa migombani, na sauti yake mwenyewe, akisema masomo yamemfikia na hana sababu ya kurudi darasani. Kesho gari la chuo lingemfuata mpaka Buganguzi, hatapanda hata basi. Akisema, mtihani atarudia. Asiposema, yeye Isaac hana ubaya naye, ila kamati ndiyo hiyo.

Annastella alisema yeye ndiye aliyeandika barua ya kuomba ukumbi, yeye na Joviana. Bwana Isaac alisema anajua, aliisoma, na iliandikwa kwa Kiswahili kizuri sana.

Nyuma yao watu walikuwa wanaingiza keki ya ghorofa nne kwenye ukumbi wa mihadhara. Evodia alikwangua utomvu kwenye kucha kwa njiti. Lwakatare, ambaye katika maisha yake aliwahi kurudisha kuku wa jirani akiwa amekwisha nyonyolewa, alitazama viatu vyake muda mrefu.

“Sema tu, mwanangu,” alisema mwishowe. “Utaungama kesho hiyohiyo jioni.”

*

Gari lilikuja na mpiga picha, taa, na mwavuli mweupe ambao haukuwa wa mvua. Bwana Isaac alipoonyeshwa kibanda cha jalalani aliziba pua, akasema hapana, hapana, hapa pananuka hata kwenye picha. Akachagua mibuni ya mbele ya nyumba, iliyokuwa imechanua maua meupe. Lwakatare alimweleza kwamba pale mtandao haushiki kabisa. Bwana Isaac alisema haina neno, picha haijui hilo. Wakaweka meza, wakatandika kitambaa, juu yake kompyuta waliyokuja nayo, Annastella akawekwa mbele yake atabasamu. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimezimwa. Aliuona uso wake mwenyewe humo.

Kisha Bwana Isaac akamwona Ma Georgina, aliyekuja kuona gari, akafurahi kama aliyeokota noti. Akaomba dada ampigie bibi magoti na kumsalimia, ili wageni waone teknolojia na mila vinakaa pamoja. Annastella alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Akapiga magoti. Mpiga picha akasema jua halikukamata uso, arudie. Akarudia. Akasema bibi ametazama kamera, warudie.

“Mimi nimekwisha salimiwa,” alisema Ma Georgina. “Sijafa nikafufuka.” Akashika njia akaenda zake.

Maneno yenyewe yalirudiwa mara saba. Naitwa Annastella Lwakatare, natoka Buganguzi, Muleba. Masomo ya mtandaoni yamenifikia mpaka migombani kwetu. Nimeridhika, na sina sababu ya kurudi darasani. Mara ya kwanza alisema kama anayesoma tangazo la msiba. Mara ya nne alitabasamu mapema mno. Mara ya saba ilitoka sawasawa, laini, tamu, macho yanang'aa, mpaka Evodia aliyekuwa amesimama mlangoni aligeuka akaingia ndani. Alisema baadaye kwamba alisikia sufuria inaungua, lakini siku hiyo hawakuwa wamewasha moto.

Mtihani alirudia juma lililofuata, ndani ya duka la mzee Ayubu, Riyadhi akimshikia mlango wateja wasiingie. Alifaulu vizuri. Madam Renatha alimpa alama za juu kuliko za wote, hata kwa swali ambalo alilijibu nusu.

*

Picha ilirushwa kila mahali. Wiki ya pili chuo kikatangaza kwamba, kwa kuwa wanafunzi wa mjini na vijijini wameonyesha kuridhika, masomo yatabaki mtandaoni mwaka wote. Joviana wa Kanazi alikuwa katikati ya mtihani wake wa kujieleza mtandao ulipokatika. Ulipokuja kurudi, nafasi yake moja ilikuwa imekwisha. Alikata rufaa. Alijibiwa kwa mistari mitatu, kwamba wenzake wa mazingira kama yake wameweza, na kama ana shaka atazame picha hii hapa.

Alikuja Buganguzi Jumapili baada ya misa. Kutoka Kanazi alipanda gari mpaka Muleba, akapanda pikipiki, akamalizia kwa mguu kwa sababu ya matope. Evodia alimwona kwa mbali akipita kwenye migomba, akamjua kwa mwendo, akaenda ndani bila kumwita bintiye. Joviana alipofika uwanjani alipiga magoti akamsalimia Lwakatare, Kasinge waitu, na alipotoka Evodia akamsalimia vilevile, kwa ukamilifu, bila kuruka hata mtu mmoja wa nyumbani. Akakaa kwenye mkeka. Annastella alitoka jikoni amebeba maji, akayaweka chini.

Waliulizana habari za njia. Habari za njia zikaisha.

“Umedisko?” aliuliza Annastella, ingawa alikuwa anajua.

“Nimedisko.”

“Joviana, mimi ...”

“Sikuja kugombana,” alisema Joviana. “Nimekuona kwenye simu. Nimekuona sana, walinitumia pamoja na jibu la rufaa. Nilisema nije unieleze mwenyewe, nimekaa hapa. Yale uliyosema kule, niambie mimi.”

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amekunja miguu upande mmoja, mikono juu ya mapaja, kama aliyekuja kusikiliza mahari. Lwakatare aliona ng'ombe anahitaji kusogezwa, akaondoka. Annastella alifungua mdomo. Mbele ya mwavuli mweupe neno lile lilikuwa limetoka mara saba, na mara ya saba lilitoka tamu. Sasa lilifika kwenye meno likarudi. Alimtazama Joviana usoni, akaona kovu dogo la juu ya nyusi alilolipata bwenini siku walipogombania ndoo ya maji wakacheka mpaka wakapigwa faini. Akajaribu tena. Akafunga mdomo.

Joviana akaanza kukusanya sketi ainuke.

Evodia akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kahawa ndiyo neno la kwanza la nyumba; hata mtu aliyekuja kudai mpaka wa shamba huchukua punje mbili kwanza, akatafuna, ndipo akatukana. Akainama, akakinyoosha kikapu kwa mikono miwili, vidole bado vina weusi wa utomvu uliogoma kutoka kwenye kucha.

Joviana akakitazama.

“Nashukuru, mama,” alisema. “Nimetafuna njiani.”

Hakuna anayetafuna kahawa njiani kutoka Kanazi. Evodia hakukirudisha kikapu. Alikishika vilevile, kimenyooka, wakati Joviana anapiga magoti kumuaga, wakati anafuta majani kwenye sketi, na wakati anapita kando ya Annastella kama mtu anavyopita kando ya kiti. Kikapu kikaanza kuinama. Punje moja ikaanguka kwenye mkeka, na Annastella akainama akaiokota, asijue aitie wapi.